Fuller Albright: Tabibu aliyefumbua siri ya mifupa inayodhoofika

KWA karne nyingi, mwanamke aliyepinda mgongo uzeeni hakuhesabiwa kuwa mgonjwa. Kimo chake kilipungua mwaka baada ya mwaka, akajikwaa kidogo tu na kuvunjika nyonga, na waliomzunguka wakasema kuwa umri umemfikia. Hata madaktari waliamini hivyo, na kwa hivyo hawakuwa na dawa ya kumwandikia.

Aliyeikataa kauli hiyo na kuonyesha kwamba kulikuwa na sababu, na kwamba sababu hiyo ingeweza kutibiwa, ni Dkt Fuller Albright, tabibu wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1969. Takriban kila dawa inayoandikwa leo kutibu maradhi ya kudhoofika kwa mifupa, yaani osteoporosisi, ina mzizi katika kazi aliyoianza yeye, ama kwa aliyoyapata sawa au kwa yale aliyoyakosea.

Lakini mtu huyo aliyewapa wengine matumaini ya kutembea wima alitumia zaidi ya nusu ya maisha yake ya utabibu akipambana na mwili wake mwenyewe. Hatimaye alishindwa kwa namna ya kusikitisha mno.

Mtoto wa tajiri

Albright alizaliwa Januari 12, 1900, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York. Baba yake, John Joseph Albright, alikuwa tajiri mkubwa aliyechuma mali katika biashara ya makaa ya mawe, chuma na umeme. Sehemu ya mali hiyo aliitumia kuwajengea wakazi wa Buffalo jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka wa 1905. Jina la Fuller lilitokana na ukoo wa mama yake.

Kijana huyo angeweza kuishi kwa urithi. Badala yake alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard akiwa bado barobaro, na mwaka wa 1920 akaingia katika shule ya udaktari ya chuo hicho. Alihitimu mwaka wa 1924, kisha akaanza kazi kama daktari mwanagenzi katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston. Hospitali hiyo ndiyo iliyokuja kuwa makao ya kazi yake na, kwa masikitiko, makao ya miaka yake ya mwisho.

Hapo alikutana na Dkt Joseph Aub, aliyekuwa akichunguza namna madini ya risasi yanavyowadhuru wafanyakazi wa viwandani. Risasi hujificha ndani ya mifupa kama ifanyavyo kalsiamu, na kwa sababu hiyo Aub alilazimika kuijua vyema njia ya kalsiamu mwilini. Albright alivutiwa na jambo hilo, na tangu hapo hakuacha tena kuifuatilia mifupa.

Baada ya kuhudumu kwa muda katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alivuka bahari na kukaa Vienna, Austria, kati ya mwaka wa 1928 na 1929. Huko alisoma kwa Jakob Erdheim, bingwa wa kuchunguza miili ya marehemu, ambaye aliifahamu mifupa na tezi kuliko wengi wa zama zake. Albright alimheshimu mwalimu huyo maisha yake yote.

Hesabu ya kalsiamu

Aliporejea Boston, Albright alifanya kazi katika wodi ndogo iliyotengwa kwa ajili ya utafiti. Kazi ya huko ilihitaji subira isiyo ya kawaida. Kila tonge alilokula mgonjwa lilipimwa. Mkojo na kinyesi chake vilikusanywa kwa siku nyingi mfululizo, vikapelekwa maabara na kupimwa pia.

Mantiki yake ilikuwa sawa na ya mwenye duka anayefunga hesabu jioni. Ikiwa kalsiamu iliyoingia ni nyingi kuliko iliyotoka, basi mifupa imeweka akiba. Ikiwa iliyotoka imezidi iliyoingia, mifupa inakopwa, na deni hilo lisipolipwa itakuja kuvunjika.

Miongoni mwa wagonjwa wa kwanza waliochunguzwa hospitalini humo alikuwa nahodha wa meli, Charles Martell, aliyekuwa mrefu na mwenye nguvu kabla mifupa yake haijaanza kulainika. Alipungua kimo kwa takriban sentimita 18. Madaktari walishuku kwamba moja ya tezi zake za parathiroidi, ambazo ni tezi ndogo zilizo shingoni zinazoongoza kiasi cha kalsiamu katika damu, ilikuwa na uvimbe uliotoa homoni kupita kiasi.

Shingo yake ilipasuliwa mara kadhaa bila uvimbe huo kuonekana. Ulipatikana mwaka wa 1932, katika upasuaji wa saba, ukiwa umejificha ndani ya kifua. Hata hivyo, figo za nahodha huyo zilikuwa zimeharibika kwa mawe, na alifariki wiki chache baadaye.

Somo la kifo hicho halikupotea. Mnamo mwaka wa 1934, Albright na wenzake walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa 17 wa maradhi hayo kutoka hospitali moja. Walionyesha kuwa mgonjwa anaweza kuwa na tezi mbovu bila dalili yoyote katika mifupa, akajulikana kwa mawe ya figo pekee. Tangu hapo imekuwa kawaida kupima kalsiamu ya damu ya wagonjwa wa mawe ya figo, na wengi wameokolewa mapema kwa hatua hiyo.

Wanawake 40 kati ya wagonjwa 42

Kazi iliyompatia Albright nafasi yake katika historia ya osteoporosisi ilifuata miaka michache baadaye. Kwanza alihitaji kutenganisha mambo ambayo madaktari wa enzi hizo waliyachanganya, kwani kila mfupa ulioonekana hafifu katika picha ya eksirei uliwekwa katika kapu moja.

Albright alieleza kuwa kuna mifupa iliyo laini kwa kukosa madini, kama ilivyo kwa watoto wenye matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D. Kuna mifupa inayoliwa na homoni ya parathiroidi iliyozidi. Na kuna mifupa ambayo madini yake ni sawa kabisa, ila kiasi cha mfupa wenyewe ndicho kilichopungua, mithili ya ukuta uliojengwa kwa matofali mazuri lakini machache. Hii ya tatu ndiyo osteoporosisi.

Kisha akawatazama wagonjwa wenyewe. Kati ya watu 42 wa umri wa chini ya miaka 65 waliougua maradhi hayo hospitalini kwake, 40 walikuwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Baadhi yao hawakukoma kwa umri bali kwa kuondolewa ovari katika upasuaji wakiwa bado vijana. Idadi hiyo haikuweza kuelezwa kwa uzee peke yake, maadamu wanaume wa rika hilo hawakuwemo.

Albright alikumbuka pia habari za njiwa. Watafiti wengine walikuwa wamegundua kwamba njiwa jike, anapokaribia kutaga, huweka akiba ya mfupa mpya ndani ya mifupa yake ili apate kalsiamu ya kutengenezea maganda ya mayai. Njiwa dume naye, akidungwa homoni ya kike iitwayo estrojeni, mifupa yake hufanya vivyo hivyo.

Alichanganya mambo hayo mawili akauliza swali jepesi: je, mwanamke hupoteza mfupa kwa sababu ovari zake zimeacha kutoa estrojeni? Aliwaingiza wagonjwa wake katika wodi ya utafiti, akawadunga homoni hiyo na kufunga hesabu zake. Kalsiamu na fosforasi zilizotoka mwilini zilipungua. Mifupa ilikuwa imeacha kukopwa.

Matokeo hayo aliyatangaza mwaka wa 1940, na mwaka uliofuata akaeleza kwa kina dalili za ugonjwa wenyewe. Kwa mara ya kwanza, daktari alikuwa na jina la kumpa mwanamke aliyepinda mgongo, sababu ya kumweleza, na dawa ya kumwandikia. Wenzake waliowafuatilia wanawake waliotibiwa kwa miaka mingi waliripoti mwaka wa 1957 kuwa kimo chao kwa jumla kiliacha kupungua.

Mikono iliyotetemeka

Wakati huo wote, Albright mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kabla ya kufikisha umri wa miaka 40, mikono yake ilianza kutetemeka na misuli kukakamaa. Yalikuwa maradhi ya Parkinson, ambayo wakati huo hayakuwa na dawa ya maana.

Alikuwa amemwoa Claire Birge katika miaka ya 1930, na walijaliwa watoto wawili wa kiume. Kadiri miaka ilivyosonga, alishindwa kuandika, kufunga vifungo vya shati na kuendesha gari. Maneno yake yakawa magumu kueleweka. Madaktari vijana waliokuja kujifunza kwake walimwendesha kwa gari na kumsaidia katika mambo madogo ya kila siku, na wengi wao walikuja kusema kwamba ndani ya gari hilo ndimo walimojifunza zaidi.

Ajabu ni kuwa miaka hiyo ya mateso ndiyo iliyokuwa ya mavuno makubwa. Mwaka wa 1937 alieleza ugonjwa wa mifupa na ngozi ambao leo unabeba jina lake pamoja na la Donovan McCune. Mwaka wa 1942 alionyesha kuwa mtu anaweza kuwa na homoni ya kutosha lakini mwili wake ukakataa kuitii, wazo ambalo halikuwahi kuthibitishwa hivyo kabla yake.

Mwaka huo huo, daktari kijana aliyekuwa akifanya kazi chini yake, Harry Klinefelter, aliandika kuhusu wanaume waliozaliwa na kasoro ya tezi za uzazi. Wazo na uongozi vilikuwa vya Albright, ila alikubali jina la Klinefelter litangulie. Ndilo jina ambalo ugonjwa huo unaitwa hadi leo.

Mwaka wa 1948 alichapisha, pamoja na Edward Reifenstein, kitabu kuhusu tezi za parathiroidi na maradhi ya mifupa kilichokuwa mwongozo wa madaktari kwa muda mrefu. Vijana alikuwa akiwahimiza kupima kitu fulani badala ya kukisia, na kutoogopa kutunga nadharia mradi wawe tayari kuiacha ushahidi ukiipinga.

Pale alipokosea

Ushahidi ulikuja kuipinga moja ya nadharia zake. Albright aliamini kwamba estrojeni huziamsha chembechembe zinazojenga mfupa, na kwamba mwanamke aliyekoma hedhi hupata osteoporosisi kwa sababu wajenzi hao wamelala.

Uchunguzi wa miaka ya baadaye ulibaini kuwa tatizo kubwa liko upande wa pili. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maishani mwote. Estrojeni ikitoweka, wabomoaji huongeza kasi kuliko wajenzi wanavyoweza kufidia. Estrojeni basi haijengi sana bali huwazuia wabomoaji.

Kosa hilo halikuiharibu tiba yake, kwani homoni ilifanya kazi kwa njia yoyote ile. Lakini kulisahihisha kulifungua mlango muhimu. Ikiwa dawa huponya kwa kuwazuia wabomoaji, basi si lazima iwe homoni. Chochote kinachowazuia kinaweza kuwa dawa.

Upasuaji wa mwaka wa 1956

Albright hakuyaona hayo. Kufikia mwaka wa 1956 maradhi yalikuwa yamemlemea, na aliamua kujaribu upasuaji mpya wa ubongo uliokuwa ukifanywa mjini New York na Dkt Irving Cooper. Katika upasuaji huo, kemikali iliingizwa ndani kabisa ya ubongo ili kuharibu sehemu ndogo inayosababisha mtetemeko. Ilikuwa tiba ingali ya majaribio.

Upande wa kwanza ulipofanyiwa kazi, hali yake ilionekana kupata nafuu. Akakubali upande wa pili nao ufanywe. Safari hii damu ilivuja ndani ya ubongo. Mtu aliyekuwa na akili pevu kuliko wengi wa taaluma yake hakuweza tena kuzungumza wala kufanya kazi. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Alirejeshwa katika hospitali aliyoitumikia tangu ujana wake, na humo akauguzwa kwa miaka 13. Madaktari aliowafunza walipita karibu na chumba chake wakienda kuwahudumia wagonjwa kwa mbinu alizowafundisha. Alifariki Desemba 8, 1969.

Kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha kuonyeshwa, mwaka wa 1967, kuwa levodopa inaweza kuwarudishia wagonjwa wa Parkinson uwezo wa kutembea na kusema. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1970, miezi michache tu baada ya kifo chake.

Dawa zilizofuata

Mwaka ule ule wa kifo cha Albright, kundi la Herbert Fleisch nchini Uswisi lilichapisha matokeo kuhusu kemikali ziitwazo bisfosfoneti. Kemikali hizi hung'ang'ania mfupa na kuwalemaza wabomoaji wanaojaribu kuula. Kutokana nazo ilipatikana alendroneti, iliyoidhinishwa Marekani kwa osteoporosisi mwaka wa 1995 na ambayo imetumiwa na mamilioni ya watu.

Estrojeni yenyewe ilipitia mitihani mizito. Mwaka wa 1975 iligunduliwa kuwa ikitumiwa peke yake kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa mji wa uzazi, na ndipo wanawake wenye mji wa uzazi wakaanza kupewa pamoja nayo homoni nyingine, projestini. Mwaka mmoja baadaye, watafiti wa Glasgow, Uskoti, walithibitisha kwa utafiti wenye makundi ya kulinganishwa kuwa wanawake walioondolewa ovari na kupewa homoni hawakupoteza mfupa kama wenzao.

Pigo kubwa lilikuja Julai 2002. Utafiti wa Marekani uliowahusisha wanawake 16,608 waliopewa ama estrojeni na projestini ama vidonge visivyo na dawa ulisitishwa kabla ya wakati wake. Waliopewa homoni hizo mbili walikuwa na hatari zaidi ya saratani ya matiti kwa asilimia 26 na ya kiharusi kwa asilimia 41.

Utafiti huo huo, hata hivyo, ulionyesha kuwa mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa takriban thuluthi moja. Miaka 62 baada ya tangazo la Albright, madai yake kuhusu mifupa yalithibitishwa katika utafiti ule ule uliowatia wanawake wengi hofu ya kutumia dawa yake.

Tangu hapo madaktari wamepata silaha nyingine. Teriparataidi, iliyoidhinishwa mwaka wa 2002, ni kipande cha homoni ya parathiroidi kinachodungwa kila siku, nayo hujenga mfupa badala ya kuulinda tu. Inashangaza kwamba homoni iliyomwangamiza nahodha Martell inaweza kuwa tiba. Siri iko katika mpangilio. Ikizidi mchana na usiku huibomoa mifupa, lakini ikitolewa kidogo mara moja kwa siku huijenga. Albright, Aub na mwenzao Walter Bauer walikuwa wameona dalili za jambo hilo kwa wanyama mwaka wa 1929, ila hakuna aliyelitilia maanani kwa miongo mingi.

Mwaka wa 2010 ilikuja denosumabu, sindano ya kila baada ya miezi sita inayowazuia wabomoaji wasikomae. Mwaka wa 2019 ikafuata romosozumabu, inayowaongezea nguvu wajenzi huku ikiwapunguza wabomoaji.

Kila moja ya dawa hizi ina masharti yake, na ndiyo maana hutolewa kwa cheti cha daktari. Vidonge vya alendroneti humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa gilasi nzima ya maji matupu, na mgonjwa hatakiwi kulala kwa muda usiopungua nusu saa, la sivyo vinaweza kuchoma umio. Kwa nadra, bisfosfoneti na denosumabu zimehusishwa na kuoza kwa mfupa wa taya na kuvunjika kwa paja kusiko kwa kawaida. Anayetumia denosumabu naye haruhusiwi kuiacha ghafla bila dawa nyingine, kwani mfupa hupotea kwa kasi na pingili za mgongo zikavunjika.

Kilichobaki

Albright hakuwa na mashine za kupima uzito wa mfupa zinazotumika leo. Alitegemea eksirei, ambazo aghalabu hazionyeshi upungufu hadi karibu thuluthi moja ya mfupa iwe imekwisha kutoweka. Ilipofika mwaka wa 1994, Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo maalumu cha kuutambua ugonjwa huo kabla mfupa haujavunjika. Wagonjwa wa Albright walimfikia wakiwa wamekwisha kuvunjika.

Jumuiya ya Marekani ya watafiti wa mifupa hutoa tuzo yenye jina lake kwa wanasayansi vijana. Ni heshima inayomfaa mtu aliyewaacha vijana wamtangulie kwa jina.

Hata hivyo, kumbukumbu yake kubwa haimo katika tuzo. Imo katika jambo ambalo sasa linaonekana la kawaida: kwamba mwanamke wa miaka 60 anapolalamika kuwa mgongo unamuuma na nguo zake zimeanza kumburura, daktari humpima, humweleza chanzo na humwandikia dawa. Kabla ya mwaka wa 1940, angeambiwa arudi nyumbani na kuukubali uzee.